Mkishindwa, Mtashukia Wapi?

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii nimeiandika katika insha zangu tangu darasa la sita, na kila mara mwalimu akiitilia alama ya vema. Nakiri mbele yenu, wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, kwamba sikuijua maana yake hadi likizo ya Agosti mwaka wa 2023. Hapo ndipo mimi na binamu yangu tulipopanga safari yetu ya kwanza ndefu ya tiara, kutoka Msambweni hadi Galu, tukifuata upepo.

Najua kuna watakaoguna. Nilipolitaja jambo hili bwenini, wenzangu wa bara walicheka hadi machozi yakawatoka. "Aka! Mtu mzima na ndevu zake bado anachezea tiara?" Basi hebu niwaeleze. Tiara ninayoisema si ile ya karatasi ya gazeti na chelewa za mnazi tuliyorusha tukiwa watoto. Hii ni ya kitambaa chepesi kigumu, nayo ina mifuko mirefu inayojazwa pepo kwa pampu ili isizame ikianguka majini. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliandikisha ubunifu wa tiara ya namna hiyo mwaka wa 1984. Mwaka wa 2024 mchezo wenyewe uliingia katika Olimpiki ya Paris kwa mara ya kwanza, mashindano yakafanyiwa huko Marseille.

Kamba zake, zenye urefu wa meta 20 na ushei, hukutana kwenye fimbo unayoishika kwa mikono miwili. Fimbo hiyo hunasa kwenye mkanda mpana uliojifunga kiunoni, na miguuni una ubao. Upepo ukiijaza tiara, unainuka na kuteleza juu ya maji kama samaki aina ya panzi. Raha yake haisemeki! Lakini bei yake nayo haisemeki: tiara mpya pamoja na fimbo na kamba zake hupita shilingi laki moja. Sisi wana wa wavuvi hutumia zilizochakaa, zenye viraka vingi kuliko suruali ya mlevi.

Aliyenifundisha ni mtoto wa mama mkubwa. Ni binamu kwa Kiswahili cha vitabuni, lakini mimi humwita Kaka. Yeye hufanya kazi ufuoni Galu, akiwapigia wageni pampu, kuzirusha tiara zao na kuzipokea. Mimi nilianza Desemba ya mwaka wa 2021 kwa kazi ya kusuuza vifaa vyenye chumvi na mchanga. Malipo yangu yalikuwa nusu saa majini jioni, wageni wakishaondoka. Nilikunywa maji ya bahari mpaka nikadhani nitageuka kuwa ng'onda. Lakini wahenga hawakukosea, penye nia pana njia. Kufikia mwaka wa 2023 nilikuwa naweza kwenda nje, kugeuka na kurudi pale pale nilipoacha kandambili zangu.

Sasa, msomaji, shika hapo. Kurudi pale pale ndiko kucheza kwa kawaida: mtu hukata upepo kwa ubavu, akaenda na kurudi. Safari ya kufuata upepo ni jambo jingine kabisa. Unaondoka mahali na hurudi. Kila meta unayosukumwa mbele ni meta ambayo huwezi kuirudi ila kwa jasho jingi. Agosti ni wakati wa kusi, nayo kusi hutoka kusini na kusini-mashariki. Ndiyo sababu tukaamua kuanzia kwetu Msambweni na kuelekea kaskazini: tuvuke mdomo wa ghuba ya Gazi, tupite Chale, tupite Kinondo, tuishie Galu. Ukifuata ufuo ni kilomita kati ya 15 na 20. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda zaidi ya kilomita tatu.

Mpango tuliuandika nyuma ya daftari langu la Jiografia, na kwa macho yetu ulikuwa mpango wa maana. Tiara mbili, ya meta mraba 9 yangu na ya 12 ya Kaka, kwa kuwa yeye ni mzito. Kisu kidogo cha kukatia kamba zikitunasa. Chupa ya maji. Simu ndani ya mfuko usiopenya maji. Kaka alifungua programu ya hali ya hewa kwenye simu yake na kunionyesha: Alhamisi, tarehe 17 Agosti, noti 18. (Si noti za pesa wala zile za Historia! Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani karibu kilomita 1.85.) "Upepo ndio huo, mdogo wangu," akasema, "na siku hiyo nimepewa ruhusa kazini. Saa nne asubuhi tumo majini, saa saba tunakula viazi karai Galu."

Mama hatukumwambia. Kaka alisema tutamwambia tukishafika. Nami nikanyamaza, kwani kusema kweli nilikuwa nikiota tu vile nitakavyosimulia bwenini.

Usiku wa Jumapili nilikuwa barazani na Babu, baba yake mama. Babu amevua kwa ngalawa zaidi ya miaka 50, na masomo yake yaliishia chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Sijui ni shetani gani aliyenifungua mdomo. Nikamweleza safari yote mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza huku akirekebisha mshipi wake wa kuvulia, hakuinua uso. Nilipomaliza aliuliza, "Hiyo tarehe kumi na saba ya Kizungu, mwezi ni mwezi ngapi?"

"Babu, si nimekwambia ni Agosti?"

"Simaanishi huo. Nauliza mwezi wa juu." Akahesabu kwa vidole. "Mwezi utakuwa ndio kwanza unaandama. Hilo ni bamvua. Na bamvua huku kwetu, saa nne asubuhi maji yako wapi?"

Nikapigwa na bumbuazi. Mimi, mtoto wa Pwani, niliyepata alama 78 katika Jiografia na kuchora ule mchoro wa jua, mwezi na dunia ukanyooka! Nilijua kwamba mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta maji makuu, yanayojaa sana na kupwa sana. Nilijua kwamba nusu ya mwezi huleta maji mafu. Lakini sikuwa nimewahi kuyaunganisha maarifa hayo na saa ya ukutani. Huku kwetu, siku za bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri, kwenye saa kumi au kumi na moja, na kupwa saa nne au saa tano ya mchana. Siku za maji mafu ni kinyume chake: maji hujaa kabla ya adhuhuri. Mvuvi yeyote analijua hilo kama ajuavyo jina lake.

Babu hakunicheka. Aliweka mshipi chini, akauliza swali moja tu: "Na mkishindwa, mtashukia wapi?"

"Hatutashindwa, Babu."

"Sikuuliza hilo, mjukuu wangu."

Sikuwa na jibu. Kwenye daftari tulikuwa tumeandika Msambweni na tumeandika Galu, na kati yao tumechora mstari wa rula.

Hapa ndipo pana jambo ninaloona haya kuliandika, lakini nitaliandika. Kesho yake, Jumatatu, Kaka alikuja nyumbani na tiara zimekunjwa vizuri, uso umemchanua kama mwezi wa kumi na nne. Alikuwa amezikopa kwa tajiri wake kwa maneno matamu. Nami sikumwambia kitu. Yeye ndiye mwalimu wangu, ndiye aliyenishika mkono nilipokuwa nikiogopa mawimbi. Nitaanzia wapi kumwambia kwamba mpango wake una tundu? Nilipojaribu kugusia habari ya Babu, alinikata kauli: "Babu ni mzee wa ngalawa, bwana. Tiara haina mkuku wa kukwama." Nikacheka naye. Usiku huo sikupata lepe la usingizi.

Kumbe Kaka hakuwa mjinga. Galu anaijua kama kiganja chake, na huko Galu, hata maji yakipwa, hubaki ziwa la maji ya kutosha juu ya mchanga kabla hujaufikia mwamba. Lakini upande wa huku, kusini mwa Chale, alikuwa ameuona kupitia dirisha la matatu tu. Alidhani bahari ni ile ile.

Jumanne asubuhi nilipiga moyo konde. Sikumwambia kuwa amekosea. Nilimwambia, "Kaka, hebu twende tukaitazame njia kwa miguu, saa zile zile tutakazopita." Alikubali shingo upande. Saa tatu na nusu tulikuwa ufuoni, na kwa kuwa mwezi ulikuwa unakaribia kuandama, maji yalikuwa yamekwenda zake.

Loh! Palipokuwa na bahari palikuwa na uwanda wa mawe, majani ya baharini na vidimbwi. Mwamba umetoa meno nje, mweusi, umejaa chaza wakali kama wembe. Tulitembea kuelekea nje, na kila hatua mbili tulikwepa ile miiba mirefu myeusi ya chini ya maji ambayo ikikuingia mguuni hukuachia wiki nzima ya kuchechemea. Mbele yetu, mahali hasa penye mstari wangu wa rula, mama mmoja alikuwa akitafuta pweza kwa kijiti chake cha chuma. Leso ameifunga kiunoni, maji hayamfiki hata magotini. Watoto wake wawili walikuwa wakikimbizana nyuma yake.

Kaka alisimama kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Keshokutwa saa nne ningekuleta hapa, na tiara ikikuvuta kwa kasi ya pikipiki." Akanitazama. "Ulikuwa unajua?"

"Tangu Jumapili."

"Na ukanyamaza?"

Sikuwa na la kujibu. Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu kama angenigombeza. Alisema tu, "Majini usininyamazie tena. Hata mimi nikiwa ndiye mkubwa." Maneno hayo yaliniingia kuliko mwiba.

Jioni tulikwenda kwa Babu sote wawili, tukampa shikamoo, tukaketi mkekani. Akafagia mchanga kwa kiganja, akachukua kijiti na kuchora ufuo. Hakuwahi kupanda ubao maisha yake, lakini alikuwa akiuliza kama hakimu. Tiara ikianguka na upepo ukafa, mtaogelea kuelekea wapi? Pale chini pana mchanga au mawe? Kutoka hapo pana njia ya kutokea barabarani? Kila tulipokosa jibu, aliweka kijiwe. Tulipokuwa na jibu, alikiondoa.

Kubwa kuliko yote lilikuwa ghuba ya Gazi. Mdomo wake ni kilomita kadhaa, na mito ya Mkurumudzi na Kidogoweni humwaga maji yake humo, kati ya mikoko. Mimi nilidhani hapo hapana hofu, kwa sababu kusi huvuma kuingia ndani; ukianguka utasukumwa mikokoni. Babu akatikisa kichwa. "Upepo utakusukuma ndani, kweli. Lakini maji yakianza kupwa, ghuba nzima inatapika. Upepo unaingia, maji yanatoka, na wewe uko katikati kama punje kwenye kinu. Hapo vukeni maji yakiwa bado yanajaa. Yasipokuwa yanajaa, msivuke."

Basi tukaupanga upya. Siku: Jumamosi tarehe 26, mwezi ukiwa umepita nusu kidogo, maji mafu. Maji yangeendelea kujaa hadi karibu na adhuhuri, kwa hiyo tukiondoka saa nne, ghuba tungeivuka kabla hayajageuka. Vituo vinne: ufuo wa mbele ya ghuba, Chale, Kinondo na Galu. Kila kituo kina mchanga wa kushukia na njia ya kutokea. Rafiki yake Kaka mwenye bodaboda angetufuata nchi kavu kwa shilingi 500 na mafuta, akitungoja kila kituo na nguo kavu na simu. Na sheria moja: yeyote akijipiga kichwani kwa kiganja, ishara ya "nataka kushuka", wote wawili wanashuka. Hakuna kuuliza kwa nini.

Haikuwa bure. Kaka alilazimika kumrudia tajiri wake kuomba siku nyingine, akakatwa ujira wa siku hiyo. Nami shule ilikuwa ifunguliwe Jumatatu tarehe 28. Nikivunjika mguu Jumamosi, nani angemweleza mwalimu mkuu?

Jambo la mwisho lilikuwa gumu kuliko ghuba: kumwambia Mama. Alikuwa jikoni akikuna nazi. Nilimweleza yote, hata lile la kutaka kumficha. Mbuzi ya kukunia ilinyamaza. Nilingoja radi. Aliuliza, "Babu yako amejua?" Nikasema ndiye aliyetupangia. "Basi katika kila kituo, kabla hujavaa nguo kavu, kabla hujanywa maji, unipigie simu. Usiponipigia, nitakuja mwenyewe na hilo bodaboda." Akaendelea kukuna nazi, kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.

Je, tulifika Galu? La.

Siku ya siku tuliondoka saa nne kasorobo. Ghuba tuliivuka maji yakiwa yanajaa kama alivyosema mzee. Mikoko ya Gazi ilikuwa mstari wa kijani kushoto, mawimbi ya mwamba yakinguruma kulia, na moyo wangu ukidunda katikati. Kituo cha kwanza nilimpigia Mama. Chale nilimpigia Mama. Baada ya Chale upepo ulikaza kupita ile programu ilivyotabiri. Kaka na uzito wake alikuwa akifurahia, lakini mimi wa kilo 58 nilikuwa naburutwa. Nilisukuma fimbo mbele ili kupunguza nguvu ya tiara, mikono ikaanza kutetemeka, na mara mbili nikainuliwa juu bila kutaka. Galu ilikuwa karibu. Niliiona minazi yake, au labda nilitaka kuiona. Sauti moja ikaniambia, vumilia, utasema nini bwenini? Nyingine ikasema, majini usininyamazie tena.

Tulipofikia usawa wa Kinondo, kwenye msitu wa kaya unaoshuka karibu na ufuo, nilijipiga kichwani kwa kiganja.

Kaka aliona, akageuza mara moja. Tulishuka mchangani, akaipokea tiara yangu, kisha nikaipokea yake. Msitu ule ni mmoja wa zile kaya za Wamijikenda zilizoingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2008, na watu wa huko hawapendi kelele karibu nao. Kwa hiyo hatukupiga vigelegele wala nini. Tulikaa tu, miguu inatetemeka. Nilianza kuomba msamaha. Akanikatiza: "Vituo vilikuwa vinne. Tumeshukia cha tatu. Cha nne kina miguu ya kukimbilia wapi?" Kisha akaninyooshea simu. "Mpigie mama yako kabla hajapanda bodaboda."

Jumapili nilirudi shuleni na mikono iliyochubuka, na bwenini nilisimulia kila kitu, pamoja na kushuka kwangu. Walicheka tena, lakini mmoja aliuliza swali la maana: kama mtu hakufika, safari hiyo ataiitaje? Nimelifikiri swali hilo. Daftari langu la Jiografia bado lina ule mstari wa rula, na juu yake nimechora vijiwe vinne vya Babu. Kwangu mimi, safari ni vile vijiwe. Mstari hata mtoto wa chekechea anaweza kuuchora.

Tena kuna jambo jingine lililonichekesha nilipolikumbuka. Ifikapo Desemba kusi huwa imekwisha, na kaskazi huvuma kinyume chake. Ukitaka kufuata upepo wakati huo, unaanzia Galu, unapita Kinondo na Chale, na mwisho wa safari ni kwetu, barazani kwa Babu. Kile kipande kilichonishinda ndicho huwa cha kwanza. Nilipomweleza Babu hivyo alitabasamu kidogo, kisha akaanza kuhesabu vidole vyake.

"Haya," akasema. "Mwezi ni mwezi ngapi?"